“Kuanzia” si bei

Mwenyekiti, asante. Nimepewa dakika 40 na mada tatu, zote kuhusu bei unayotangaziwa na bei unayoishia kulipa. Walionisikia mwaka jana wanajua mada yangu ya kwanza huwa inakula muda wa wenzake, kwa hiyo msishangae.

Naanza na tiketi ya ndege, kama kawaida yangu. Ilikuwa saa tano usiku, mtoto wa kaka yangu kakaa mezani kwangu, vyombo havijaondolewa, simu mkononi. Jumamosi rafiki yake anaoa Mwanza. Mara akapiga ukelele: “Shangazi, 92,000!” Nikamwambia endelea, tuone.

Akaendelea. Ukurasa wa pili, kodi na tozo za uwanja, 24,000. Haya, kodi ni kodi, ingawa sijui kwa nini shirika lilidhani kuna abiria angeruka bila kupita uwanjani. Ukurasa wa tatu, begi, 35,000. Wa nne, kiti, 12,000, na picha ya ndege yenye viti vya kijivu na viti vya kijani, vya kijivu unaambiwa “utapangiwa”. Wa tano, bima, 9,500. Hiyo hatukuichagua. Tiki ilikuwa imeshawekwa, kadogo, chini kabisa, tungepitiliza tungekuwa tumekubali. Na wa mwisho, baada ya kuandika jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu na barua pepe mara mbili: ada ya kulipa, 6,500. Jumlisheni wenyewe. 179,000.

Na juu ya kila ukurasa kuna saa inarudi nyuma. Dakika 10, dakika 9. “Watu 14 wanatazama safari hii.” Kijana jasho linamtoka: “Shangazi, zitaisha!” Nikamwambia weka simu chini, tusubiri. Tukasubiri. Nikaosha vyombo. Saa ikafika sifuri. Mnajua kilichotokea? Ikaanza tena dakika 10.

Sasa, jina la shirika silitaji, na msiniulize, kwa sababu mkitoka hapa mtasema tatizo ni shirika fulani. Tatizo ni mtindo. Bei inatolewa kwa matone. Unavutwa na 92,000, na ukifika 179,000 umeshachoka, umeshaandika barua pepe mara mbili, umeshamwambia bwana harusi unakuja. Nani ataanza upya?

Najua kuna mtu hapo nyuma anasema moyoni: mtu mzima asome. Si jumla imeandikwa mwishoni? Imeandikwa, ndiyo. Basi nijibu kwa daladala. Umepanda Mbagala, unakwenda Posta, nauli unaijua. Mkifika Mtoni konda anasema, “Waliokaa waongeze mia tano.” Mbele kidogo, “Wenye mifuko, mia tatu.” Mkikaribia Posta, “Anayelipa kwa simu aongeze mia mbili.” Gari zima lingemshukia yule konda! Na mtaniambia konda naye hukatisha ruti. Hukatisha, ndiyo, na LATRA, wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, wakimkamata anatozwa faini, kwa sababu tumekubaliana kwamba nauli ni ya safari nzima. Kwa nini tunamdai konda uungwana ambao hatuudai kwenye skrini yenye rangi nzuri?

Halafu kuna jaribio ambalo nalisimulia kila mahali. Marekani kuna kampuni inaitwa StubHub, inauza tiketi za michezo na matamasha. Si za safari, lakini ujanja ni uleule. Mwaka 2014 walijaribu uungwana, wakaonyesha bei nzima tangu ukurasa wa kwanza. Mwaka 2015 wakawagawa wateja: nusu waone bei nzima mwanzoni, nusu waone ada mwishoni. Walioonyeshwa ada mwishoni walitumia takriban asilimia 20 zaidi. Wakakata tiketi nyingi zaidi, na viti vya bei ghali zaidi. Kampuni ikafanya nini? Ikarudi kuficha.

Hapo ndipo ninapotaka mkae. Msiangalie uovu wa StubHub. Wale walikuwa wameshaanza vizuri! Ila muuzaji anayesema 179,000 akipangwa pembeni ya anayesema 92,000, wa kweli anaonekana mlanguzi. Mteja hafiki hata kumsikiliza. Kwa hiyo anayeniambia “acha ushindani ufanye kazi” namjibu kwamba unafanya kazi kweli, unamfundisha mkweli kudanganya. Lazima wote walazimishwe kwa pamoja.

Ulaya walilazimishwa mwaka 2008. Kanuni yao inataka bei ya mwisho ya tiketi ya ndege ionekane wakati wote, na cha hiari mteja akichague mwenyewe. Ile tiki ya bima hairuhusiwi. Marekani, agizo la Wizara ya Uchukuzi kwamba nauli inayotangazwa iwe na kodi na ada zote za lazima lilianza kutumika mwaka 2012. Mashirika yakaenda mahakamani kudai uhuru wa kujieleza. Uhuru wa kujieleza! Yakashindwa mwaka huohuo.

Begi je? Hapa nakubaliana nusu. Asiye na begi asimlipie mwenye begi, sawa. Mahakama ya Ulaya mwaka 2014, kwenye kesi ya shirika la ndege la Vueling, ilisema mzigo unaokabidhiwa kaunta unaweza kutozwa peke yake, ila begi la mkononi la ukubwa wa kawaida ni sehemu ya kusafiri. Mpaka umewekwa hapo, na naona ni wa haki. Lakini ada ya kulipa! Nitalipaje bila kulipa?

Mada ya pili, hoteli, nakwenda haraka. Trivago, tovuti ya kulinganisha bei za hoteli, nchini Australia walijitangaza kuwa wanakutafutia bei nafuu. Mahakama ikakuta ofa inayowekwa juu ilipangwa kwa kutazama sana tovuti ipi inawalipa zaidi mteja akibonyeza, na kwenye asilimia 66.8 ya orodha, ofa hiyo ya juu haikuwa ya bei ndogo kuliko zote. Na zile bei zilizokatwa kwa mstari mwekundu? Wakati mwingine walilinganisha chumba cha kawaida na cha kifahari. Mwaka 2022 wakapigwa faini ya dola za Australia milioni 44.7.

Sisi tunayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na inakataza kupotosha watu kuhusu bei. Tume ya Ushindani, FCC, wapo. Malalamiko yanayowafikia ni ya nani? Mmoja wenu amewahi kupeleka? Naona kimya.

Mada ya tatu ilikuwa kadi na kubadilisha fedha, mwenyekiti ananionyesha saa, naiacha. Mkilipa nje kwa kadi mkaulizwa fedha ipi, chagueni kulipa kwa fedha ya muuzaji, benki yenu ifanye hesabu. Basi.

Lakini hili siliachi, kwa sababu ninyi mnasomea utalii na ndio mtakaoandika matangazo. Dereva mmoja wa hapa Arusha alinisimulia. Kampuni iliwauzia wageni wanne safari “kuanzia” bei fulani kwa siku, viingilio vya hifadhi havimo. Ofisini hakuna aliyewaambia. Dereva akapewa maagizo: “Utawaelezea getini.” Serengeti msimu wa wageni wengi kiingilio cha mgeni wa nje ni dola 70 kwa siku kabla ya VAT, mtu mmoja. Wanne, siku tatu, pigeni hesabu. Yule dereva kasimama geti la Naabi juani, kofia mkononi, anaelezea kosa ambalo si lake. Siku tatu garini hakuna aliyemsemesha. Bahshishi hakupata.

Haya, maswali. Wewe wa fulana nyekundu, najua unachotaka kuuliza. Ndiyo, tuliinunua ile tiketi. Harusi ilikuwa Jumamosi.