Ni Mama Yupi Anayejibu Hojaji?

Ndugu zangu wakunga, wauguzi na wanafunzi wa saikolojia, wengi wenu mmeshanisikia nikilisema jambo hili, nami nalirudia kwa sababu hojaji za hulka, yaani tabia ya kudumu ya mtu, zinazotumiwa kubashiri sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) baada ya kujifungua, bado zinagawiwa wakati usiofaa: mama akiwa ameshaugua.

Mama mmoja, mtoto wake akiwa na wiki tano, alikaa mbele yangu akasoma sentensi iliyomtaka aseme kama yeye ni mtu wa kuhofia watu watamwonaje. Kalamu ikasita juu ya karatasi. Akamhamishia mtoto bega la pili, kisha akaniuliza: “Nijibu kwa nilivyo sasa, au kwa nilivyokuwa kabla ya mimba?” Tangu siku hiyo sijapata njia bora zaidi ya kulieleza tatizo letu. Sonona humfanya mtu aamini kwamba tangu zamani alikuwa mwoga, dhaifu na asiyefaa, kwa hiyo tukimpima hulka akiwa ameshaugua, alama tunazopata huwa zimechanganyika na ugonjwa wenyewe. Na tukishatangaza kwamba hulka ya wasiwasi, ambayo wanasaikolojia huiita nyurotisizimu, ndiyo iliyomletea sonona, huenda tumegeuza dalili kuwa chanzo.

Mtaniambia kwamba hulka haibadiliki kwa wiki tano. Ni kweli, hulka hubadilika polepole, lakini maelezo ya mtu kuhusu nafsi yake hufuata hali aliyo nayo, na akipata nafuu alama zake za wasiwasi kwa kawaida hushuka. Mpimeni akiwa mjamzito, na siku hiyohiyo mwulizeni kuhusu huzuni aliyo nayo, ili mambo haya mawili yatenganishwe katika uchambuzi.

Wala tusichanganye vipimo. Kipimo cha Edinburgh, kilichochapishwa mwaka 1987 na John Cox na wenzake, kina maswali 10 yahusuyo siku 7 zilizopita. Hicho kinatafuta dalili za sonona. Kipimo cha Philip Boyce na Gordon Parker cha mwaka 1989, chenye vipengele 36, kinatazama jinsi mtu anavyoguswa na kukosolewa au kukataliwa. Hicho ndicho cha hulka.

Muda unanibana, nami sijagusa tabia ya kutaka kila kitu kiwe kamilifu, wala historia ya sonona, ambayo ni kiashiria kizito. Niseme hili tu kuhusu utabiri: tuseme kati ya wajawazito 100 watakaougua ni 13, hojaji ikawabaini 8 kati yao, na pamoja nao ikawataja 20 ambao hawataugua. Hao 28 wanastahili kufuatiliwa kwa ukaribu, lakini hakuna hata mmoja anayestahili kuandikiwa kwenye faili kwamba ana hulka ya sonona.

Na mnapotumia kile cha Edinburgh, lisomeni jibu la swali la 10, linalohusu wazo la kujidhuru, kabla mama hajatoka chumbani, hata kama jumla ya alama zake ni ndogo.