Poni wa Lesotho si farasi aliyedumaa

Jamani tuanze, mliosimama mlangoni ingieni, viti vipo huku mbele. Leo narudia lile lile ninalolisema kila nikipewa kipaza sauti na nitalirudia mpaka lieleweke: poni wa Lesotho, yule farasi mfupi wa milimani, si farasi aliyedumaa. Ukimletea dume refu la mashindano ukasema unaboresha mbegu, hauboreshi kitu, unaimaliza, tena kwa hela yako mwenyewe.

Historia mnaijua. Waholanzi walileta farasi Cape, kule kusini mwa Afrika, kutoka Java 1653, Moshoeshoe wa Kwanza, mfalme wa Wasotho, akapata wake 1829, halafu Wasotho wakawa wanaenda kufanya kazi kwenye mashamba ya Cape na wanarudi na farasi, siingii huko. Mimi naongelea milima. Lesotho nzima hamna sehemu iliyo chini ya mita 1,400, huko juu theluji inaanguka, majani ya shida, njia ni mawe matupu, sasa mnyama aliyeshindwa kushuka kwenye mawe hayo na gunia la mahindi mgongoni hakuacha watoto. Ndo hivyo vizazi na vizazi. Aliyebaki ana sm 140 hivi begani, kwato ngumu, wengi hawavishwi hata chuma, na mpole, yani mtoto mdogo anampanda anaenda nae kusaga. Halafu ana ule mwendo wake, si kutembea si kukimbia, kila mguu unagusa chini kwa zamu yake, mgongo umetulia tuli, mpandaji anakaa siku nzima kiuno hakilalamiki.

Sasa Vita ya Makaburu, ile ya Waingereza na Makaburu huko Afrika Kusini, hapa naomba mnisikilize vizuri. 1899 mpaka 1902 Waingereza walikuwa wanaleta farasi kwa meli kutoka Argentina, Hungary, Marekani, Australia, farasi wakubwa wa kuvutia macho, wanashushwa bandari ya Port Elizabeth, siku hizi inaitwa Gqeberha, wamechoka na bahari, badala ya kupumzishwa wanapakiwa kwenye treni moja kwa moja vitani, hawajazoea majani, hawajazoea hewa. Walikufa zaidi ya 300,000. Laki tatu jamani! Na wengi hawakufa kwa risasi, ni njaa, magonjwa na kuchoshwa. Pale Port Elizabeth kuna sanamu ya shaba ya 1905, askari kapiga goti kashika ndoo, farasi kainamisha shingo anywe maji. Ndoo ya maji tu, kitu ambacho maelfu yao hawakukipata. Na Waingereza hao hao walikuwa wanawanunua poni wa Wasotho kwa maelfu, kwa nini? Kwa sababu ndo alikuwa anadumu! Kwa hiyo waliouzwa ni wale wazuri, mlimani wakabaki waliokataliwa, na hao ndo wakaendelea kuzaliana. Ile damu iliyoondoka haikurudi.

Najua kuna mtu ataniambia, mwalimu, mbona ng'ombe wa kigeni, Friesian, katuletea maziwa? Sawa, Friesian ukimkatia majani, ukampa maji, josho na daktari, atakulipa, ila mwachie porini na ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe, uone kama atamaliza mwaka. Poni wa mlimani hakatiwi majani na mtu. Sasa huyo chotara wako mrefu anayeshinda mbio Jumamosi, Julai theluji ikifunika malisho nani atamlisha?

Msinielewe vibaya, mbio sizipingi. Nendeni Semonkong kule Lesotho mkawaone wanaume na mablanketi yao wamezunguka uwanja, kila mtu anamtetea farasi wa kijiji chake, ile ni mila na ibaki. Ila poni akimbie na poni, chotara na chotara, basi. Afrika Kusini walianza 1951 kutengeneza aina ya farasi inaitwa Nooitgedacht kutoka kwa poni huyu huyu na wanaandika ukoo, baba nani, mama nani. Lesotho imeweka farasi wawili kwenye nembo ya taifa lakini kijijini ukiuliza baba wa mtoto huyu ni yupi, unaambiwa dume lililopita.

Nilikuwa na la wizi wa mifugo na la dawa, naona napungiwa mkono muda umeisha. Moja tu basi: dume likishinda mbio msilikimbizie majike siku hiyo hiyo. Lipelekeni mlimani kwanza na mzigo, likamalize baridi nzima huko, likishuka salama ndo mlete majike. Haya, maswali.