Kabla Sijashika Kalamu ya Kusaini

Hamjambo wote. Asanteni kwa kuja, na mwenye duka, asante kwa kusukuma rafu zako ukutani ili watu wapate pa kukaa.

Nimeombwa niizungumzie riwaya mpya, nisome kidogo, kisha nisaini. Riwaya mtaisoma wenyewe. Niacheni niseme juu ya hii shughuli yenyewe, maana wapo wanaodhani mwandishi anakuja dukani kuonyesha sura tu.

Charles Dickens, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, alianza kuwasomea watu hadharani huko kwao, mjini Birmingham, Desemba 1853, kwa ajili ya hisani. Kuanzia 1858 akawa anasoma kwa kiingilio kinachoingia mfukoni mwake, na mwishoni mwa 1867 akavuka bahari kwenda kusoma Marekani. Umati uliokuja kumsikiliza haunishangazi sana. Kinachonishangaza ni nakala alizokuwa akisomea. Alikifyeka kitabu chake mwenyewe! Aliyakata maelezo ambayo uso na sauti vingeweza kuyabeba, akapiga mistari chini ya maneno, akajiandikia maagizo pembeni. Kwenye kisa cha kuuawa kwa Nancy, mhusika wa riwaya yake Oliver Twist, alijikumbusha kwamba hofu iendelee hadi mwisho. Mtu mashuhuri kiasi kile alijua kuwa kilichoandikwa kwa ajili ya jicho hakilitoshi sikio.

Nami nimemwiga. Tazameni huu ukurasa. Hapa paliandikwa "akasema kwa hasira". Nimepafuta kwa penseli, hasira mtaisikia. Sentensi hii ndefu nimeikata mara tatu nipate pumzi. Hapa yametajwa majina ya watu ambao bado hamjakutana nao, kwa hiyo leo mmoja ataitwa "jirani" na mwingine "shemeji", basi. Wala sisomi ukurasa wa kwanza. Huo mtu hujisomea mwenyewe akiwa amesimama kwenye rafu, anapima kama atoe pesa. Nitasoma pale watu wawili wanapogombana, dakika kumi. Zikizidi mtaanza kuchungulia simu, na sitawalaumu.

Sasa jambo ambalo waandishi hatulisemi. Duka dogo kama hili huagiza nakala mapema, na mara nyingi makubaliano na msambazaji ni kwamba zisizouzwa zitarudishwa. Ila nakala yenye sahihi mara nyingi hairudishiki. Mwandishi anayejitia ukarimu akasaini rundo zima bila kuuliza anamwachia mwenye duka mzigo. Kwa hiyo mimi huuliza kwanza: nikubakizie ngapi zenye sahihi? Na wewe uliyekuja na nakala uliyonunua kwingine, nitakusainia bila kinyongo, lakini usitoke mikono mitupu. Nunua chochote, hata cha mwandishi mwingine. Viti hivi na taa hizi kuna anayezilipia.

Mkiwa kwenye foleni, mtapewa kikaratasi. Andikeni jina mnalotaka niandike, kwa herufi zenu. Halima wapo wa namna nyingi, na wino hauna kifutio. Nasaini ukurasa wenye jina la kitabu, kwa kalamu inayokauka haraka, maana kitabu kikifunguliwa nyumbani na kukutwa na doa ni huzuni. Wanaokusanya vitabu huwa wanapenda sahihi tupu. Anayempelekea mama yake hutaka na neno. Semeni tu.

Kuna mwandishi wa Kanada, Margaret Atwood, aliyebuni kifaa kiitwacho LongPen, kikaonyeshwa kwa watu mwaka 2006. Mwandishi anaandika akiwa kwake, mkono wa mashine unaandika kwenye kitabu cha msomaji aliye ng'ambo. Wapo waliocheka. Mimi sikucheka, kwa sababu kifaa kile kilikuwa na video pia, ili mwandishi na msomaji waonane na kuongea. Safari aliweza kuiondoa. Maongezi hakuthubutu kuyaondoa.

Na hayo ndiyo yananileta. Pale mezani mtu huinama akaniambia, "Yule shangazi ulimwonea." Mhariri hakuniambia, mhakiki hakuandika. Ameniambia aliyekaa na shangazi huyo usiku kucha, na foleni nyuma yake inaguna. Mkiwa na neno la namna hiyo, msilimeze kwa adabu.

Haya, nasoma. Baada ya hapo ni maswali, na tafadhali liwe swali kweli. Hotuba ya leo nimeshapewa mimi.