Bango Linalotangaza Mabango

Waheshimiwa wenyeji wetu, walimu na wanafunzi wa ubunifu,

Mbunifu anayepewa kazi ya kuandaa sura ya maonyesho ya mabango hukabiliwa na mtego ambao mwenzake wa maonyesho ya vinyago haujui. Atakachokichora ni bango, na vitakavyotundikwa ukumbini ni mabango vilevile, kwa hiyo kazi yake itasimama mlangoni ikishindana na vitu inavyovitangaza. Akichagua bango moja na kulikuza, mengine yote yatageuka wasindikizaji. Na akiyapanga sita madogomadogo, kama nilivyofanya mimi katika rasimu yangu ya kwanza, atapata kitu kinachofanana na ukurasa wa stempu.

Jibu ninalolirudia kila mara lilitolewa Amsterdam mwaka 1968, katika Makumbusho ya Stedelijk. Huko nyuma mkurugenzi wake, Willem Sandberg, alikuwa akibuni mwenyewe machapisho ya makumbusho, kwa herufi za karatasi iliyochanwa kwa mkono. Mbunifu Mholanzi Wim Crouwel, aliyeipokea kazi hiyo mwaka 1964, alikuja na gridi: mistari isiyochapwa, inayoigawa karatasi ili kila bango na kila katalogi vipangwe kwa kipimo kimoja. Kwa wavaaji wa kanga utaratibu huu si mgeni, maana pindo, mji na jina vina mahali pake, na hakuna anayedai kwamba kanga zote ni moja.

Maonyesho ya mwaka huo yaliitwa Vormgevers, yaani wabunifu, ingawa ukilivunja neno hilo la Kiholanzi unapata “watoa umbo”. Crouwel hakutafuta picha. Aliichapa gridi yenyewe, mistari ambayo kwa kawaida hubaki mezani kwa mbunifu, kisha juu yake akajenga herufi ndogo, mraba kwa mraba, zikiwa zimechorwa kwa mkono kwa sababu kompyuta zilikuwa hazijafika kwenye meza za wabunifu. Ukilisogelea bango hilo unaona jina na kipimo kilicholizaa kwa wakati mmoja. Ndiyo maana halimpendelei mbunifu yeyote aliyemo kwenye maonyesho.

Wapo waliompinga. Mwaka 1972, katika mjadala wa hadhara kwenye Makumbusho ya Fodor mjini humo humo, mbunifu mwenzake Mholanzi, Jan van Toorn, alishikilia kwamba mbunifu hawezi kujitoa katika ujumbe anaoufikisha, na kwamba ni afadhali msimamo wake uonekane. Kwa maoni yangu alikuwa na haki: gridi nayo ni sauti, na bango la Vormgevers hutambulika kuwa la Crouwel kutoka ng’ambo ya barabara. Hata hivyo, pale ambapo kila karatasi ukutani inapaza sauti, mimi huchagua sauti inayotaja kipimo tu.

Rasimu yangu ya pili, basi, haikuwa na picha hata moja. Nilichukua vipimo vya mabango yenyewe, kuanzia karatasi ya Uswisi ya sentimita 90.5 kwa 128, nikachora kingo zake zikiwa zimepandana kutoka kona moja ya chini, kila ukubwa kwa mstari mwembamba. Kwenye kila kibandiko cha ukutani ukingo mmoja tu ndio ulionenepeshwa, ule wa bango lililotundikwa kando yake.