Kisiwa na Waya Mmoja

Assalamu alaykum. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliosimama ukutani kwa kuwa viti vimekwisha, ahsanteni kwa kuja. Niliombwa nizungumze hapa Chake Chake, Pemba, juu ya uchumi na miundombinu. Neno hilo la pili silipendi, likishatamkwa tu watu husinzia. Nitazungumza juu ya waya wa umeme.

Waya wenyewe ulianza kazi mwaka 1980. Ulitoka Ras Kiromoni, kaskazini ya Dar es Salaam, ukapita chini ya bahari na kuibukia Fumba, uwezo wake megawati 45. Unguja nzima ikaning'inia hapo. Mei 2008 umeme ukakatika, tukakaa kiza karibu mwezi mzima. Tukasema ni mkosi, umepita. Disemba 2009 ukakatika tena, na safari hii haukurudi mpaka Machi 2010. Miezi mitatu.

Nilikuwa Unguja wakati huo. Nyinyi huku mlikuwa na majenereta yenu ya Wesha, na waliotucheka nimeshawasamehe. Lakini kiza chenyewe kilikuwa jambo dogo katika mashaka yetu. Kandili tunazijua, tumezaliwa nazo. Kubwa lilikuwa maji. Maji ya mjini huvutwa na pampu, na pampu hazendi bila ya umeme. Kwa hivyo waya umekatika baharini, na mama aliyeko ghorofa ya juu Michenzani anapanda ngazi na ndoo kichwani. Mvuvi anarudi na samaki wake, barafu hakuna, anauza kwa bei yoyote atakayopewa kabla ya adhuhuri. Mwenye friji ya kuuzia juisi ana kabati. Mwenye hoteli kubwa ana jenereta, ananunua dizeli, analalamika lakini anaendelea.

Mtaani kwetu walikuwepo mafundi charahani wawili. Mmoja alikuwa ameshaing'oa ile ya miguu, akatia mota, kazi ikawa mbio na sisi sote tukahamia kwake. Wa pili alibaki na charahani ya miguu, tukimwona wa kale. Ilipofika mwezi wa pili wa kiza, yule wa mota alikuwa anakaa barazani anapiga soga, na wa kale anashona mpaka magharibi. Mimi nilisoma uchumi miaka mingi, lakini somo hili nililipata pale barazani.

Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Wahenga hao nadhani walikuwa wa bara. Kisiwa kinashindwa na njia moja.

Tangu hapo tumepiga hatua, tusiwe wachoyo wa shukrani. Nyinyi mlipata waya wenu kutoka Tanga mwaka 2010, Norway ikisaidia sana. Unguja ikapata mwengine mwaka 2013, megawati 100, kwa fedha za Marekani. Lakini hesabuni na watu. Sensa ya 2012 ilikuta Zanzibar ina watu 1,303,569. Ile ya 2022 ikakuta 1,889,773. Hao waliozidi nao wanataka pasi, feni na simu za kuchaji. Kwa hivyo nikimsikia mtu anasema mitambo ya akiba ni gharama za bure, namkumbuka yule fundi wa mota, barazani.

Sasa twende shambani, na huko mnanishinda kwa elimu. Mwaka 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kuing'oa mikarafuu kwa wingi. Pemba ilisalimika zaidi, na tangu hapo karafuu ikawa ni Pemba. Fikirini lau mikarafuu yote ingekuwa kisiwa kimoja. Biashara ile iliokolewa na kisiwa cha pili.

Pigo jengine halikuwa na upepo. Mnunuzi wetu mkubwa alikuwa Indonesia, ambako karafuu hutiwa ndani ya sigara. Akaja akapanda yake mwenyewe, ikamtosha, na kufika miaka ya 1980 bei ilikuwa chini. Mti ule ule, jua lile lile, mchumaji yule yule juu ya tawi. Mteja tu hayupo. Na sisi tulikuwa tumejenga skuli, hospitali na mishahara juu ya tumba hilo moja la ua.

Halafu mnajua wenyewe vituko vyake: mwaka mmoja mti unazaa hadi matawi yanainama, unaofuata haukutazami. Mvua ikikukuta umeanika, karafuu inageuka mpeta, yaani inaharibika. Ndiyo maana mimi nakiheshimu kile kiwanda cha Wawi cha makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, kuliko majengo mengi yenye vioo. Makonyo yanatoka mti huo huo, yanakamuliwa mafuta, yanauzwa. Mti mmoja, biashara mbili. Sijui kwa nini hatujisifu kwa hilo.

Mwani nitaupita haraka. Umelimwa kwa biashara tangu 1989, ulianzia pwani ya mashariki ya Unguja, na kazi kubwa wanaifanya wanawake. Ile aina yenye bei nzuri, kotoni, haistahamili maji yakipata joto, inaoza. Wakulima wanabaki na spinosamu, ambayo bei yake ndogo. Tena tumerudi kwenye kimoja.

Na bandari? Mzigo mwingi unashuka Malindi, Unguja, halafu unapakiwa tena kuja Mkoani, halafu gari mpaka hapa. Kila mkono uliougusa unga wa ngano umelipwa, na anayemlipa ni wewe unayekanda chapati. Gati la Mkoani lina maji ya kina. Ninaloliuliza ni dogo: kwa nini meli ya mzigo iwe na mlango mmoja mkubwa tu wa kuingilia nchi ya visiwa viwili?

Naona mzee hapo mbele anatikisa kichwa, na najua atasema nini: cha pili kinagharimu, na cha kwanza hatujamaliza kukilipa. Kweli, mzee wangu. Sina jibu la rahisi. Najua tu gharama ya ile miezi mitatu haikuandikwa katika bajeti yoyote, ilitoka mifukoni mwa wauza juisi.

Mama pale nyuma, uliinua mkono tangu kwenye karafuu. Anza wewe.