Kinshasa: jina lililokuwa chini ya jina

Ndugu zangu, nianze na sanamu. Februari 2005 wakazi wa Kinshasa waliamka wakamkuta Mfalme Leopold II wa Ubelgiji amerudi mjini, yuko juu ya farasi wake wa shaba. Enzi za Rais Mobutu aliondolewa barabarani. Safari hii hakumaliza hata siku. Baada ya saa chache akashushwa tena.

Mtu huyu hakuwahi kukanyaga Kongo, lakini mji ulibeba jina lake, Léopoldville, kwa zaidi ya miaka 80.

Stanley, mpelelezi aliyemtumikia Leopold, yule aliyeitwa Bula Matari, yaani mvunja mawe, alipofungua kituo mwaka 1881 hakufika porini. Ukingo ule wa Mto Kongo ulikuwa na vijiji vya Wateke na Wahumbu, na biashara ya pembe za ndovu ilishamiri. Sababu ni maji yenyewe. Mitumbwi ikitoka juu hufika hapo ikakwama, kwa kuwa mbele kuna maporomoko hadi karibu na Matadi, mji wa bandari. Basi mzigo ulishushwa, ukabebwa kichwani kuelekea pwani. Mahali pa kushusha mzigo hapakosi soko.

Kituo kilijengwa Kintambo, karibu na Ngaliema, mtemi aliyekuwa pia mfanyabiashara mkubwa. Kinshasa kilikuwa kijiji jirani tu, upande wa mashariki. Reli ya kutoka Matadi ilifika mwaka 1898, mji ukatanuka kuelekea huko Kinshasa, na katika miaka ya 1920 makao makuu ya koloni yakahamishwa kutoka mji wa Boma.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba mwaka 1966 serikali ya Mobutu iliubunia mji jina. Jina lilikuwepo, linatamkwa kila siku, ila lilikuwa la mtaa. Kilichofanyika ni kulipandisha, wakati uleule Stanleyville ilipokuwa Kisangani na Élisabethville ikawa Lubumbashi. Ninachosikitikia ni Kintambo: mji ulianzia kwake, jina likachukuliwa kwa jirani. Leo Kintambo ni komini, yaani wilaya ya mji, moja kati ya 24 za jiji.

Ng'ambo ya mto, Brazzaville, mji mkuu wa Kongo ile nyingine, haikubadili jina. Mwaka 2006 ilimjengea de Brazza, mpelelezi wa Wafaransa aliyeupa mji jina lake, kaburi la fahari na kuyaleta mabaki yake kutoka Algiers. Miji miwili inayotazamana, kila mmoja na uamuzi wake.

Na ile sanamu ya Leopold? Imewekwa kwenye bustani ya makumbusho, juu ya kilima. Kilima hicho kinaitwa Ngaliema.