Jinsi ya Kushughulikia Mafaili ya Muda katika Python

Karibuni, watazamaji. Leo tunatengeneza mafaili ya muda kwa Python, na tutakaa zaidi kwenye swali ambalo wengi hulipita haraka: kazi ikiisha, nani atalifuta faili?

Fungua kihariri chako, kisha andika import tempfile kwenye mstari wa kwanza. Moduli hii huja pamoja na Python, kwa hiyo hakuna cha kusakinisha.

Chini yake andika with tempfile.TemporaryFile(mode="w+") as f: halafu, ukiwa umesogeza mistari ndani, andika f.write("jaribio"), f.seek(0) na print(f.read()), kila amri kwenye mstari wake. Usiiruke seek(0), kwa sababu baada ya kuandika, kielekezi, yaani alama ya mahali pa kusoma au kuandika, huwa kimebaki mwisho wa faili, na ukisoma kuanzia hapo hupati kitu, wala hakuna ujumbe wa kosa utakaokushtua. Neno mode nalo tumeliweka makusudi: lisipokuwepo, faili hufunguliwa kwa "w+b", hali inayopokea baiti tu na kukataa maandishi ya kawaida. Programu ikitoka ndani ya with, hata kama imetolewa na hitilafu, faili hufungwa na kufutwa papo hapo.

Ikiwa programu nyingine inahitaji kulifikia faili hilo kwa jina, weka NamedTemporaryFile badala ya TemporaryFile, nawe utaipata njia yake kamili katika f.name. Kabla ya kuikabidhi njia hiyo, ita f.flush(), la sivyo huenda programu hiyo ikakuta faili tupu huku maandishi yako yangali kwenye kumbukumbu. Kwenye Windows, kwa mipangilio ya kawaida, faili hilo halifunguki mara ya pili likiwa bado wazi, lakini Python 3.12 ilileta delete_on_close=False, inayokuwezesha kulifunga na kulifungua upya, na bado likafutwa ukitoka ndani ya with. Ukihitaji folda nzima, TemporaryDirectory hufuata utaratibu huohuo.

Kuna pia mkstemp, ambayo hurudisha namba ya faili lililofunguliwa pamoja na njia yake. Hapa mfutaji ni wewe: funga kwa os.close, kisha futa kwa os.remove ndani ya finally, sehemu inayotekelezwa hata hitilafu ikitokea. Kwa maoni yangu, inafaa tu pale faili linapotakiwa kudumu baada ya with kumalizika.

Mwisho, ukikutana na mktemp katika programu ya zamani, iondoe. Imeacha kupendekezwa tangu Python 2.3, kwa kuwa hukupa jina bila kulitengeneza faili lenyewe, na katika mwanya uliopo kati ya kupewa jina na kulifungua faili, mtu mwingine kwenye kompyuta hiyo anaweza kutangulia kuweka faili lake kwa jina lilelile. Weka mkstemp mahali pake: yenyewe hulitengeneza faili palepale, na katika Linux hulifanya lisomwe na kuandikwa na mwenyewe tu.